Kofi la Kufika: Maisha ya Mwalimu Melkiadi Buchumi, 1969–2025

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Immakulata Buchumi, Muyama, Jumanne tarehe 17 Juni 2025

Ndugu waombolezaji, familia inaanza kwa kuomba kimya. Tunaomba kimya kile ambacho marehemu alikidai uwanjani, cha kuzima simu na kumnyonyesha mtoto anayelia. Sababu yake itajulikana mwishoni.

Marehemu Melkiadi alizaliwa tarehe 9 Machi 1969 hapa hapa Muyama, enzi hizo tukiwa chini ya Wilaya ya Kasulu. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Filipo na Mama Yudita, ambao wote wametangulia. Alikuwa mbishi tangu utoto. Mama aliwaonya wanawe, kama wazazi wengi wa huku wanavyoonya, kwamba ukisikia jina lako linaitwa na humwoni anayeita, usiitike, maana anayeitika humfuata aliyemwita. Wenzake waliogopa. Melkiadi aliitika kila sauti, tena kwa kelele, kisha akakaa kusubiri aone kitakachomjia. Kilichomjia siku zote kilikuwa fimbo ya Mama.

Alisoma shule ya msingi Muyama kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akaendelea na sekondari Kigoma mjini, na mwaka 1991 alihitimu ualimu Kasulu. Chuoni alikimbia mita mia nne. Alijisifia sana medali moja ya fedha, ambayo hadi leo hakuna mtu wa familia aliyewahi kuiona.

Mwaka 1992 alipangiwa kufundisha Kibondo, na baadaye akahamia shule yenye kitengo cha wanafunzi wasioona. Huko ndiko alikoanzisha, mwaka 2011, klabu ya michezo ya watu wenye ulemavu aliyoiita Twese, yaani sisi sote kwa Kiha chetu. Ilianza na kiti cha magurudumu kimoja cha kupokezana, na uwanja ambao mbuzi wa kijiji cha Kumsenga waliuhesabu kuwa wao. Leo klabu ina matawi Kibondo na Kasulu, na makocha wake wengi wenyewe wana ulemavu. Hilo hakutaka mzaha nalo. "Mwanamichezo akichoka mbio awe kocha," alisema, "asirudishwe kufichwa nyuma ya nyumba."

Mwaka 2016 alimpokea Esteria, binti wa kijiji cha Murungu aliyepofushwa na surua akiwa na miaka minne na kulelewa na bibi yake. Katika kuruka chini kwa wasioona, kocha husimama kwenye mchanga na kuita, na mwanamichezo hukimbia kuifuata sauti. Mwalimu akaita, "Esteria!" Binti hakusogea. Akaita tena, mpaka akakasirika.

"Bibi alinikataza kumwitika nisiyemwona," Esteria alisema. "Na mimi, Mwalimu, simwoni yeyote."

Yule mtoto mbishi wa Muyama alifunga safari hadi Murungu, akamwambia bibi, "Jina lake sitaliita. Nitapiga makofi tu. Wafu huita majina, bibi, lakini makofi yanataka mikono, na mikono tunaizika."

Bibi alicheka hadi akajifuta machozi, akamruhusu. Wakakubaliana hivi: makofi mawili ya haraka na la tatu la kukokota, yakirudiwa, maana yake njoo. Kofi moja zito, baada ya kutua mchangani, maana yake umefika, simama. Bila kofi hilo Esteria hainuki mchangani, maana hajui kama wito umekwisha, au anaitwa bado.

Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 22 Agosti 1998 na Careen, muuguzi aliyehamishiwa Kibondo kutoka Mbeya. Careen husema alivumilia mengi. Ila siku alipomkuta mumewe anaupigia makofi ukuta wa choo, akitafuta kofi linalosikika mbali, alipiga simu kwao kuuliza kama mahari hurudishwa. Walijaliwa watoto wawili, Nicodemus na Restituta.

Mwezi Novemba 2023 marehemu alipata kiharusi, na mkono wake wa kulia haukuinuka tena. Hapo ndipo hofu ilipomwingia, naye aliisema bila kificho: atakufa kabla Esteria hajaiamini mikono ya mtu mwingine. Alimkabidhi kazi hiyo Isihaka, kijana wa dukani Kibondo mwenye mguu mmoja, ambaye huegemea magongo yake kwapani ndipo apate kupiga makofi. Mwalimu aliketi kando kwenye kiti, akifoka. "Isihaka! Kofi lako linaomba ruhusa! Piga mtu aje!" Esteria alikimbia, lakini kila mara alipunguza mwendo njiani. "Siyo yeye," alisema.

Hali ya Mwalimu ilibadilika mwezi Mei mwaka huu, akalazwa Kibondo. Jumamosi iliyopita, tarehe 14 Juni, klabu ilikuwa Kasulu kwenye mashindano, kwa amri yake mwenyewe kwamba mtu asibaki kumwangalia akikoroma. Esteria aliposimama kwenye mstari uwanja mzima ulinyamaza. Isihaka alikuwa bado ameshika magongo kwa mikono yote miwili. Ndipo Esteria alipoondoka mbio. Hakupunguza mwendo hata kidogo. Mwamuzi aliyekuwa penye mchanga aligeuka kuangalia nyuma yake, ambako kuna shamba la mihogo tu, akauliza, "Nani anapiga makofi huko?"

Esteria aliruka mita nne na sentimita kumi na mbili. Alikuwa hajawahi kufika hapo. Alitua, akakaa mchangani akisubiri.

"Isihaka, mbona hunifikishi?"

"Dada, mimi sijapiga," Isihaka alijibu. "Sijapiga hata moja."

"Yalikuwa yake. Ya mikono miwili, kama zamani."

Walikuwa bado wanapima mruko, simu ya Careen ilipoingia, kwamba Mwalimu hayupo tena. Careen alikuwa ametoka kidogo kufuata maji ya moto, aliporudi akamkuta ametulia. Mikono yake ilikuwaje kabla ya hapo, hakuna aliyeona.

Habari ilipofika Murungu, bibi hakucheka. "Umeitika, mwanangu," alimwambia Esteria. "Alisema wafu hawapigi makofi, na amepiga." Tangu siku hiyo Esteria anasikia makofi mawili na la kukokota, jikoni, njiani, hata ndani ya gari lililomleta hapa. Anaogopa, na familia haioni aibu kusema kwamba nayo inaogopa. Lakini mdogo wa marehemu, aliyekula fimbo moja na huyu mbishi, ameketi na Esteria tangu jana, na wameelewana. Marehemu alizoea kufikisha wengine. Yeye mwenyewe hajapigiwa na yeyote kofi la kufika, na sasa ndiye asiyeona.

Marehemu ameacha mjane, Careen, watoto wawili, Nicodemus na Restituta, mdogo wake mmoja, Immakulata, wajukuu watatu, na wanamichezo na makocha wote wa Twese, ambao wamekaa mbele pamoja na familia kwa sababu ni familia.

Sasa tunaomba kile kimya. Kocha Isihaka atamsogeza Esteria hadi ukingoni mwa kaburi. Esteria hataita jina, na sisi tusiite. Atapiga kofi moja tu, zito, na hakuna atakayelijibu.

Umefika, Mwalimu. Simama hapo hapo, upumzike, na ukiitwa tena, usiitike.