Naftali Alute, Mkalimani wa Mahakama ya Singida

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1958, Bwana Naftali Alute anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya ukalimani katika mahakama yetu.

Alipoanza, kesi zilisikilizwa chini ya paa la nyasi. Baadaye likajengwa jengo hili la mawe lenye madirisha mapana. Kila jaji alipokuja kwa kesi za mauaji, watu walikuja kutoka mbali kama Issuna na Mkalama, wakakaa nje chini ya madirisha na viazi vyao vya kuchemsha. Wengi hawakuwa na ndugu kizimbani. Walikuja kusikiliza tu. Huko bondeni ziwa Singidani liling'aa, ndege aina ya heroe wakiruka kama vumbi jekundu, na humo ndani Kinyaturu na Kiingereza vilikutana katika kinywa cha mtu mmoja. Mkewe, Mama Leah, anasema hata usingizini mumewe huungama makosa ya watu wengine.

Siku moja shahidi mzee, aliyeitwa kueleza habari za ng'ombe walioibwa, alizungumza kwa muda mrefu, na jaji akauliza amesema nini.

"Anasalimia, Bwana Jaji," akajibu Naftali. "Bado hajafika kwenye ng'ombe."

Lakini kesi tunayoikumbuka zaidi ni ya mwaka 1938. Gasto wa Issuna alimpiga fimbo ndugu yake Laurian wakigombania zamu ya kunywesha mifugo, na Laurian akafa. Gasto akashtakiwa kwa mauaji, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kunyongwa. Wazee wa ukoo walimwendea Naftali, wakamsihi ayapambe maneno ya upande wao. Akakataa kwa upole, akasema atayafikisha kama yatakavyotoka.

Klara, mama wa ndugu hao wawili, aliposimama, hakumtazama jaji. Alimtazama Naftali.

"Mwanangu, mwambie huyu bwana nilizaa wawili. Hawakuwahi kuchukiana. Mmoja nimemzika. Akimchukua na huyu, mimi nitazikwa na nani?"

Naftali alitafsiri mpaka akafika kwenye swali, akageuka kumtazama Klara. Upepo uliingia dirishani, na nje watu wakasogea karibu na madirisha. Jaji akangoja. Mwishowe Naftali akalisema lote, bila kuongeza neno, na jaji akaweka kalamu chini.

Mahakama iliona kwamba Gasto hakukusudia kuua. Alifungwa, akamaliza kifungo, akarudi Issuna. Mwaka juzi Klara alipofariki, ni yeye aliyemzika.

Ijumaa iliyopita nilimkuta Bwana Naftali amesimama dirishani, analitazama ziwa. Nilimwuliza anawaza nini. Akanijibu kwa Kinyaturu, taratibu, maneno mengi. Mimi ni mtu wa Itigi, Kinyaturu sikijui, nikamwomba anitafsirie. Akatabasamu.

"Leo hapana, bwana karani."

Basi, mzee wetu, hayo yabaki yako. Tunakushukuru kwa yote uliyotubebea. Nenda nyumbani kwako Ilongero kwa amani, mvua ikukute shambani, na siku zako ziwe nyingi na njema.