Manjano ya Sista Kathure

Tarehe 30 Agosti 2019, Sista Cicily Kathure atastaafu baada ya kuihudumia hospitali yetu ya misheni, hapa Embu, kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati imeniomba mimi, Nthiga wa stoo, niandike wasifu wake. Huenda walisahau kwamba hakuna mfanyakazi aliyewahi kunisumbua kama yeye.

Alikuja kutoka Githongo mwaka 1988 akiwa muuguzi wa wadi ya mifupa. Kazi aliijua, hilo silipingi. Baadaye akaenda kusomea ushauri nasaha, akarudi na wazo kwamba mgonjwa asiyeweza kusema maumivu yake apewe rangi ayachore, kisha aombewe. Tangu hapo shuka zangu hazikuwahi kuwa nyeupe tena. Karatasi za ofisi zikawa haziumalizi mwezi. Udongo wa kufinyanga uliziba sinki la wadi, na fundi aliponiuliza ni nani aliyefanya hivyo, sikuhitaji kuchunguza.

Mchungaji Riungu naye alichoshwa. Alikuta wagonjwa wamechora kwenye ukuta wa kanisa la hospitali, tena moto na watu wasio na macho, akaagiza upakwe chokaa.

"Sista, hii ni nyumba ya kumsifu Mungu," alimwambia.

Sista Kathure akamjibu kwa ule upole wake unaokera: "Mchungaji, Zaburi zimejaa vilio, na hakuna aliyezipaka chokaa."

Picha zikabaki. Nami chokaa nilikuwa nimeshaitoa stoo na kuikoroga.

Mwaka 2011 akaletwa Wamuyu, mwalimu kutoka eneo la Majimbo. Basi la shule yao lilipinduka wakitoka mashindano ya nyimbo. Watoto wanne wa darasa lake walifariki; yeye akavunjika mguu. Kila aliyemtembelea alimwambia amshukuru Mungu kwa kuwa hai. Mwishowe akaacha kusema kabisa. Sala ikianza wadini, aligeukia ukutani.

Sista hakumlazimisha kuomba. Aliketi kando ya kitanda, akampa karatasi, na Wamuyu akazipaka rangi nyeusi, moja baada ya nyingine, wiki baada ya wiki. Nililalamika kwamba tunatupa karatasi.

"Hatuzitupi, Nthiga," Sista alisema. "Watoto walizikwa mwalimu akiwa hapa kitandani. Anawazika sasa."

Nikatoa karatasi nyingine.

Asubuhi moja Wamuyu alinong'ona kwamba anataka rangi ya manjano. Stoo haikuwa nayo. Badala ya kungoja niagize, Sista aliingia jikoni akachukua manjano yote ya mpishi, siku ile ile tuliyomwalika askofu chakula cha mchana. Askofu alikula wali mweupe, na lawama zote zikaniangukia mimi.

Huko wadini, Wamuyu alikuwa akichora basi kwa manjano hayo. Katika madirisha yake aliweka nyuso nne, akimtaja kila mtoto kwa jina. Alipomaliza alilia sana, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, "Mungu, nimekukasirikia."

Sista alimshika mkono. "Amina," akasema.

Sidai kwamba alipona siku hiyo. Aliondoka kwa magongo, na ilichukua muda kabla hajathubutu kusimama mbele ya darasa. Lakini alisimama. Siku hizi, shule zikifungwa, huja kuketi na wagonjwa katika chumba cha Sista cha kuchorea, na matumizi yake ya karatasi ni mabaya kuliko ya Sista mwenyewe.

Ijumaa tutakapomuaga Sista, Wamuyu ndiye atakayeongoza sala. Nilimuuliza kama angependa tumwandikie. Alisema hapana, maneno anayo.

Sista Kathure, umetuchosha kweli kweli, na wengi wametoka hapa wakiwa wazima kwa sababu wewe hukuchoka. Asante. Mungu akutunze huko Githongo, akupe afya, amani, na majirani wenye subira.