Sindano Namba Kumi na Saba

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa katika chumba cha ushonaji cha hospitali yetu, anastaafu mama ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina moja tu: Bi Fumua. Jina hilo alilipata kihalali. Kila mwajiriwa mpya wa kitengo cha nguo, awe dobi au mpiga pasi, alikaa kwenye benchi lake wiki tatu akijifunza kushona kwa mkono kabla ya kugusa cherehani: kutunga uzi, kukunja pindo, kutia kiraka kisichomkwaruza mgonjwa. Mshono ukienda upande, alisema, "Fumua." Ukijitetea, aliongeza, "Mgonjwa halalii sababu, mwanangu. Analalia shuka."

Wapo waliomcheka. Wenye viti vya kuzunguka walituambia kiraka ni umaskini, nguo ikichanika itupwe. Nawauliza hadharani: mwaka ule shuka mpya zilipochelewa miezi mitano, wagonjwa walilalia nini, hotuba zenu?

Hata hivyo, kinachonifanya nishike kalamu ni asubuhi moja, miaka saba iliyopita.

Sindano zake zilikuwa ishirini, kila moja na nafasi yake yenye namba kwenye kitambaa. Zilitoka mkononi mwake, zikarudi mkononi mwake, na ilikuwa marufuku kuichomeka sindano kwenye nguo uliyovaa. Siku hiyo, saa nne, nafasi ya kumi na saba ilikuwa tupu. Na blanketi zilizoshonwa asubuhi zilikwishapelekwa wodi ya watoto.

Bi Fumua alipanda ngazi mbio. "Msimfunike mtoto yeyote!"

"Mama, watoto wanatetemeka!" alilalamika muuguzi mkuu wa wodi.

"Watetemeke dakika kumi. Leteni zote."

Tulipapasa blanketi arobaini na mbili kwa vidole vitupu, pindo kwa pindo. Hatukupata kitu. Macho yakamgeukia aliyekuwa nayo mara ya mwisho: mpiga pasi, baba wa mapacha, wiki ya pili benchini.

Mkuu wa ugavi, bosi wa kitengo chetu, akafika. Mwezi mmoja kabla alikuwa ametangaza: sindano ikipotea, aliyeipoteza anafukuzwa.

"Nilikurudishia mkononi, mama," mpiga pasi alimwambia Bi Fumua.

"Ungenirudishia ningekuwa nayo," alijibu, na ndilo neno baya zaidi nililowahi kumsikia akilitamka. Sisi wengine tukaendelea kukunja blanketi, aibu yetu. Mpiga pasi akaanza kufungua aproni.

Bi Fumua alikwenda chooni kunawa uso. Alifunga mlango, akalegeza kola, kitu kikamchoma shingoni.

Alikuwa peke yake. Angeweza kuidondosha sakafuni, akaiokota mbele yetu, mambo yakaisha. Alirudi ameishika juu tuione sote. "Alinirudishia. Niliichomeka hapa, nikasahau. Baba, nisamehe." Kisha akamgeukia mkuu wa ugavi. "Kanuni ni kanuni. Naondoka mimi."

Aliyeziba mlango ni muuguzi mkuu wa wodi. "Haendi popote! Aliyejishitaki ndiye ninayemwamini na blanketi za wanangu. Wewe, bosi, umewahi kujishitaki kwa lolote?"

Mkuu wa ugavi akakubali abaki.

Adhabu ilikuwepo. Miezi mitatu Bi Fumua alikaa benchi la wanaojifunza, kazi yake ikikaguliwa kama ya mgeni. Lakini kanuni nayo ilifumuliwa: anayepoteza sindano haguswi, anayeificha ndiye anayeondoka. Tangu hapo zimepotea nne, na zote zimetangazwa kabla blanketi hata moja haijatoka chumbani. Ndugu wakubwa mnaopenda kutawala kwa vitisho, isomeni sentensi hiyo mara mbili. Hofu haijawahi kutafuta sindano. Huificha, ikamwachia mtoto aipate kwa ngozi yake.

Jumatatu kiti cha mkuu wa ushonaji anakikalia mpiga pasi. Bi Fumua ndiye aliyempendekeza, kwa barua ya mistari miwili: "Anashona vizuri kuliko mimi. Na anajua inavyouma kutosadikiwa."

Asante, mama, kwa shuka, kwa ukali, na kwa kutoka na sindano ile mkononi ingawa nyuma ya mlango ule hakuna aliyekuona. Nenda na afya, ulale hadi jua likuchoshe, na siku zako zote ziwe njema.