Baba Dizeli na Kibonge

“Mkikipandisha juu ya zege mtakuwa mmekizika na chenyewe,” mjane alimwambia mkuu wa karakana. Shemeji yake akamwomba apunguze ukali, watu wako msibani. Hakupunguza.

Wasikilizaji wapendwa, ubishi huo ulikuwa jana, sebuleni kwa marehemu, siku moja baada ya mazishi. Marehemu ni Baba Dizeli, dereva wa kwanza wa Kibonge. Na Kibonge ni kichwa cha treni, kifupi, kinene, cha kwanza kutumia dizeli katika yadi yetu. Kazi yake ni kupanga mabehewa: kusukuma hili, kuvuta lile, mchana kutwa.

Kilipoletwa, madereva wa vichwa vya mvuke walikicheka. Hakina moshi wa maana, walisema, na honi yake kama mbuzi mwenye mafua. Baba Dizeli, wakati huo mchochea moto, akajitolea kujifunza. Alimwambia mkewe amechoka kurudi nyumbani mweusi kama sufuria.

Lakini mazoea yana taabu. Kichwa cha mvuke hakizimwi hovyo. Moto ukifa, kuuwasha upya ni kazi nzito. Basi wakubwa wakaagiza Kibonge nacho kiachwe kikinguruma usiku kucha, kisije kikapoa. Asubuhi tangi tupu, yadi nzima imekwama. Baba Dizeli akaanza kukizima kila kazi inapoisha. Akaonywa. Akakizima tena. Asubuhi akakiwasha mbele ya wakubwa, kikanguruma kabla hawajamaliza kumfokea. Agizo likafutwa.

“Kunguruma bila kazi ni ulevi,” alipenda kusema, hata kwa wanawe waliokuwa wakipiga soga sebuleni.

Msemo huo ndio mjane alioutetea jana. Mkuu wa karakana alitaka Kibonge kipakwe rangi, kisimamishwe juu ya zege langoni kwa kumbukumbu ya marehemu. Shemeji aliona ni heshima kubwa, ukoo utapigia picha hapo. Mjane akauliza kiwanda cha unga, kilichoomba kichwa cha kusogezea mabehewa yake, kimejibiwa nini. Mkuu akakiri hakijajibiwa.

“Na Kibonge, kinawaka au hakiwaki?”

“Kinawaka, mama.”

“Basi kiende kazini. Mume wangu hakuwa sanamu. Mkisimamisha sanamu, sitakuja kuitazama.”

Shemeji akakuna kidevu, akasema huyu mama ana kichwa kigumu kuliko Kibonge. Waombolezaji wakacheka, na mjane naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Tunawapa pole mjane, watoto, shemeji na wafanyakazi wote wa yadi. Nasi tujiulize: wapendwa wetu tunawakumbuka kwa walivyoishi, au kwa tunavyopenda sisi kuonekana?

Mkuu wa karakana hakungoja kesho. Alipiga simu kiwandani palepale kwenye kiti, na kabla jua halijazama binti wa marehemu, dereva kama baba yake, alikitoa Kibonge bandani akakipeleka. Mjane alisimama kando ya reli, mikono kiunoni, mpaka behewa la kwanza la ngano lilipoanza kusogea.