Cheki Ipo Kwenye Mchakato

Kariakoo, nyuma ya fremu za maduka ya mapazia, ukuta wa duka la vyombo unapokutana na nguzo ya umeme, pana benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Hapo ndipo kijiweni. Hapo mechi huchezwa upya na timu iliyofungwa ikashinda, na muuza kahawa hana ruhusa ya kuondoka mpaka birika liishe. Alasiri ile watu walishatoka kuswali, wasukuma mikokoteni wanapiga kelele wapewe njia, na ubishi wote ulikuwa umemzunguka mtu mmoja, Haruna, muuza mapazia, ambaye kijiwe kinamwita Mita. Siku hiyo Mita hakutulia. Akikaa anainuka, akiinuka anatazama simu, akiitazama anairudisha mfukoni halafu anaitoa tena.

— Kaa basi, Mita, benchi linayumba, alisema Nurdin. Huyu aliwahi kunadi samaki Feri, wakambandika jina la Nguru, na mpaka leo hata akiomba sukari utadhani ananadi.

— Hebu nisomee tena, Haruna alisema. Labda kuna neno limenipita.

Akampa simu Tarsis, fundi simu, ambaye kijiwe kinamwita Injinia ingawa cheti chake hakuna aliyewahi kukiona. Injinia akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari:

— "Ndugu mteja, malipo ya kadi yako ya mkopo hayajapokelewa. Lipa leo kabla ya saa 12:00 kuepuka faini ya kuchelewa na kufungiwa kadi." Ni ile ile ya asubuhi, Mzee Mita. Haijabadilika.

Kadi yenyewe haikuwa Kariakoo. Ilikuwa kwenye mkoba wa mkewe, Mwanamkuu, aliyekwenda Umra na kundi la kina mama wa mtaani. Basi lao lilikuwa njiani kutoka Makka kwenda Madina, na chumba cha Madina kinalipwa kwa kadi hiyo hiyo, pale mapokezi, jioni ile ile. Kadi ikikataa, Mwanamkuu itabidi akope kwa wenzake. Na wenzake wale Haruna anawajua mmoja mmoja. Habari ingefika Kariakoo kabla mkopaji hajavua viatu. Kila akimfikiria mkewe amesimama mbele ya yule mtu wa hoteli, kadi inarudishwa mara ya kwanza, inarudishwa mara ya pili, anaitoa simu tena.

Wala hakuwa amekwepa kulipa. Cheki aliiandika wiki iliyopita, akaitia kwenye bahasha, akaidumbukiza kwenye lile sanduku la mlangoni mwa benki, kama afanyavyo kila mwezi. Binti yake, Rania, alishamwekea benki kwenye simu na kumfundisha. Kila akifundishwa alisema ameelewa, kisha anarudi kwenye bahasha yake. Mwezi uliopita bahasha ilichelewa kufunguliwa, akapigwa faini, akanyamaza. Asubuhi hii alikwenda mwenyewe dirishani, na kijana wa watu akamjibu kwa adabu zote kwamba cheki yake ipo kwenye mchakato.

— Mchakato ndio wapi? aliuliza Nguru.

— Siyo mahali, bwana, alisema Injinia.

— Kitu kikiwa "kwenye", lazima pana mahali. Kahawa ipo kwenye kikombe. Sasa mchakato ndio wapi?

— Ni chumba, akadakia Khalil. Khalil wanamwita Gavana kwa sababu aliwahi kulinda lango la benki, na tangu hapo habari za fedha hazimpiti. Nawaambieni kitu ninachokijua, aliendelea. Kipo ghorofa ya pili, kina feni moja. Cheki zikifika zinalazwa humo zipumzike.

— Zimechoka nini?

— Safari.

— Kutoka mlangoni mpaka ghorofa ya pili?

— Lifti mbovu.

Muuza kahawa akacheka, akamimina. Haruna hakucheka. Alikuwa anatazama zile alama mbili za vema kwenye ujumbe aliomtumia mkewe, "Mmefika wapi?", na zilikuwa bado hazijawa za bluu, zilikuwa za kijivu tu.

— Achaneni na lifti, alisema Nguru. Benki haitaki ulipe mapema. Ukilipa mapema yenyewe ile nini? Inaikalia cheki yako kama sisi tulivyokuwa tunamkalia samaki kwenye barafu, tunamsubiri mteja njaa imshike. Siku ikipita tu, faini hiyo. Faini ndiyo samaki mwenyewe, cheki ni barafu tu.

— Mnaongea mambo ya kizamani nyinyi, alisema Injinia. Mzee Mita, lipa kwa simu. Kufumba na kufumbua. Pesa inatoka hapa, inapanda kwenye satelaiti, inashuka inapita chini ya bahari kwenye mkongo, inaibukia benki.

— Benki si hapo Posta tu? Baharini inafuata nini?

— Ndiyo njia yake.

— Basi hapo ndipo inapopotelea, akasema Nguru. Mkongo ule papa wanautafuna. Mimi nimepasua papa pale Feri, tumboni ana nyaya.

— Nyaya za nini?

— Sikuwahi kumuuliza.

— Jamani, alisema Haruna.

Alilisema taratibu, lakini wote wakamgeukia.

— Pesa iliyopo kwenye akaunti ya duka inatosha malipo ya mara moja tu. Nikirusha sasa, cheki ikitoka huko mchakatoni itakuta akaunti nyeupe. Itarudishwa. Tangu nimeanza biashara mtaa huu, cheki yangu haijawahi kurudi hata moja. Mwenye ghala la vitambaa anaipokea bila kuisoma. Anaikunja, anatia mfukoni, ananiambia chukua mzigo. Mnajua maana yake hiyo?

Walikuwa wanajua. Kwenye mtaa huo watu wanadaiwa mpaka na muuza maji, na Haruna alikuwa akitembea katikati yao kifua mbele kwa sababu ya sahihi yake. Alikuwa na jambo hilo moja la kujivunia, na alilipenda, tena alilipenda kupita kiasi.

— Si uwaambie waizuie, alisema Injinia.

— Nimewaambia. Wanasema ikishaingia kwenye mchakato haizuiliki.

— Haizuiliki na haifiki, alisema Nguru. Hiyo cheki ina kichwa kigumu.

— Wapigie tena.

— Wananipigia muziki tu. Na tawi limeshafunga.

— Basi chagua, Mita. Jina lako au chumba cha shemeji.

— Muda upo, alisema Haruna, akakaa, akainuka. Mpaka saa kumi na mbili. Naiachia cheki nafasi yake. Magharibi ikikaribia haijaingia, narusha.

Wakati huo alikuwa amesimama pembeni mwanamke mmoja mwenye kikapu, Sitara, mwalimu kutoka Ilala, aliyekuja kukatiwa kitambaa cha mapazia akakuta fremu haina mtu.

— Habari zenu. Mwenye fremu hii ni nani?

— Ni mimi, mwalimu, nivumilie kidogo tu, alisema Haruna.

— Ana kesi na benki, akaeleza Gavana. Ameambiwa alipe kabla ya saa kumi na mbili. Tunaisubiri saa kumi na mbili.

Sitara akaomba kuuona ujumbe. Akausoma mara moja, akamrudishia.

— Samahani, baba. Simu yako hapo inasema saa ngapi?

— Nne na arobaini.

— Na sisi tunasema saa ngapi?

— Si kumi na dakika arobaini.

— Sasa hiyo saa 12 ya benki ni ya kwetu au ya simu?

Mkokoteni ukapita, ukafuatwa na mwingine.

— Kama ni ya simu, alisema Injinia polepole, basi ni saa sita.

— Ya mchana au ya usiku? aliuliza Nguru.

— Haijaandikwa.

— Maana kama ni ya mchana, ilishapita tukiwa tunakunywa kahawa hapa.

Macho yote yakamwendea Gavana, mtu wa benki.

— Mimi nilikuwa zamu ya usiku, akasema.

Siku nzima Haruna alikuwa akijituliza kwa hiyo saa kumi na mbili tu, na saa hiyo kumbe hakuwa na hakika nayo. Akafungua ile benki ya Rania. Injinia akamwonyesha pa kubonyeza. Ilipofika namba ya siri wote wakageuza nyuso, mpaka Sitara akatazama nguzo ya umeme. Kidole kikasita juu ya kioo. Akaifikiria sahihi yake, kisha akamfikiria Mwanamkuu mapokezi, akabonyeza.

Simu ikalia. Akasoma mwenyewe, kwa sauti:

— "Malipo yako yapo kwenye mchakato."

— Na yenyewe? alisema Nguru.

Kabla hajajibiwa simu ikaita. Mwanamkuu. Haruna, kwa kiwewe, akabonyeza spika bila kukusudia, sauti ikatoka kijiwe kizima kikasikia.

— Baba Rania, tumefika salama. Nipo hapa mapokezi, kina mama wote wapo nyuma yangu. Nimpe kadi?

Haruna akatazama benchi.

— Mpe, mke wangu.

Wakasikia mtu akisema neno la Kiarabu.

— Gavana, wewe babu yako katoka huko, alisema Nguru. Kasemaje?

— Kasema subiri.

— Tafsiri yote.

— Ndiyo yote.

Muuza kahawa alikuwa ameliinamisha birika juu ya kikombe na hamimini. Haruna alikuwa anasoma kitu kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha kikasikika kimlio kidogo cha mashine, na risiti ikachanwa.

— Kanipa ufunguo, alisema Mwanamkuu. Mbona kimya hivyo huko?

— Mtandao, alisema Haruna. Nenda kapumzike.

Akakaa, na safari hii akakaa kweli. Kijiwe kikalipuka, kila mtu akidai alisema tangu mwanzo, Nguru akiapa kwamba papa leo ameshiba. Haruna akapokea kikombe, akanywa funda moja kubwa.

Simu ikalia tena. Akaitazama kwa chini, usawa wa goti. "Cheki yako imerudishwa. Salio halitoshi." Akasoma mara mbili. Cheki ilikuwa imetoka mchakatoni, baada ya wiki nzima, muda huo. Akaimalizia kahawa.

— Nani tena, benki? aliuliza Nguru.

— Mke wangu.

— Anasemaje?

Haruna akaizima simu, akaitia mfukoni, akachukua futi yake na kuitundika shingoni.

— Anasema chumba kizuri, ila pazia lake fupi. Haya, mwalimu, twende nikupimie.