Pampu ya Usukani

"Ulisema vifaa vyote vya gari umevihifadhi!" mama mmoja, jirani yangu, alimfokea mumewe, kwenye basi letu la kwenda hospitali ya mji wa Kiryu, hapa Japani.

"Niliviweka kibarazani. Wewe ndiye uliyevitoa siku ya kukusanywa takataka za chuma, Mama Naoki."

"Vilichuruzika mafuta! Nani alikutuma ung'oe pawa ya usukani, ile pampu ya kuulainisha, kwenye gari lisilo na kasoro?"

"Nilitaka kuisikia barabara mikononi."

"Haya, isikie."

Mzee aliutazama mkono wake wa kushoto, uliolala pajani kama si wake. Kiharusi hakijali gari lako la michezo la viti viwili. Bila pampu usukani ulikuwa mzito, na mke alikuwa na mikono kama vijiti; hata mimi ninayebeba magunia ya mchele nisingeweza kulirudisha gari hilo kinyumenyume kwenye maegesho yetu finyu.

"Mazoezi ya hospitali mara tatu kwa wiki, na basi ni moja tu, la asubuhi. Nitakupelekaje?"

"Nitapona, nitaendesha."

"Daktari alisema mkono haurudi, Baba Naoki. Ulimsikia."

Tulipokaribia uwanja wa kuuza na kununua magari yaliyotumika, mzee alibonyeza kengele ya kushuka kwa mkono wa kulia, akatoa ufunguo wa gari, akauweka kiganjani mwa mkewe.

"Wenye uwanja wakalichukue leo, wakupe lenye usukani mwepesi. Kesho nitakataa."

Wakashuka.