Mwalimu Octave Kimbulu na Makundi Yake ya Karanga, 1921–1958

Tumekusanyika leo, Jumapili tarehe 15 Juni 1958, kumzika Mwalimu Octave Kimbulu. Mimi, mdogo wake Jean-Baptiste, nimepewa kazi ya kusimulia maisha yake. Nitalia baadaye. Maisha yenyewe yalikuwa na shangwe, na marehemu asingenisamehe kuyasoma kwa sauti ya unyonge.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1921 karibu na Kasongo, kifungua mimba wa mzee Grégoire, mkulima, na mama Cécilia. Alisoma shule ya misheni Kasongo, akapata cheti cha ualimu mwaka 1941. Alikuwa na mwandiko mbaya kuliko wangu, na hilo alilikana mpaka mwisho.

Mwaka 1946 alipelekwa kufundisha hapa kijijini, upande wa Kabambare, mwendo wa saa mbili kwa miguu mpaka kambi ya wachimbaji dhahabu Salamabila. Aliona watu wazima wakipokea mshahara asubuhi na kukopa chumvi jioni, akaapa wanafunzi wake hawatakua hivyo. Aligawa darasa makundi manne ya watoto watano watano, kila kundi na shamba lake la karanga na kopo lake la pesa. Sharti lilikuwa moja: faranga haitoki mpaka wote watano wakubali.

Mwaka wa kwanza walikubali wote, kwa moyo mmoja, kununua biskuti na sardini. Walikula wakashiba. Mvua za Septemba zilipofika hawakuwa na mbegu hata kiganja, na Octave hakuwapa. Walikaa kando ya shamba tupu wakitazama wazazi wao wakipanda. Kuanzia hapo mbegu ilitengwa kwanza, kisha madaftari, mwisho vitamu vya kinywa.

Mkubwa wa shule hakuamini. Alisema watoto wanaogopa macho ya mwalimu tu, na siku atakapokosekana watazila pesa zote.

Mwaka 1950 kaka alimchumbia Sidonie. Mahari ilipungua mbuzi mmoja, naye akaenda kuomba mkopo kwa wanafunzi wake. Nilikuwepo. Binti Hawa, aliyeshika kopo wiki ile, alimwambia, "Mwalimu, utoke inje kidogo, tusikilizane." Mwalimu akatoka, akasimama juani kama mtoro. Walipomwita, jibu lilikuwa fupi: "Ile feza iko ya mbegu. Hatukupe. Lakini kama unataka kazi, utubebee karanga mpaka Salamabila, tutakulipa."

Kaka alirudi nyumbani akicheka na kupiga makofi njiani. Alibeba magunia Jumamosi sita, na sisi ndugu zake tukaona haya. Baba mkwe alipopata habari, tulidhani uchumba umevunjika. Yeye akasema, "Mutu anakatazwa feza na watoto na anacheka, huyu hataharibu nyumba ya mutoto wangu." Walifunga ndoa kanisani tarehe 23 Septemba 1950.

Kifua kilimwanza Januari mwaka huu. Aprili daktari wa Kasongo alisema mapafu yameharibika. Kilichomkosesha usingizi hakikuwa kifo. Mkubwa wa shule alikuwa ameamua kuyafunga makundi mwezi huu, kwa kuwa mwalimu hawezi tena kuyasimamia.

Ijumaa watoto walikuja kitandani. Louise, mwenye miaka kumi na miwili, alisema, "Kesho wachimbaji wanalipwa. Tunaenda kuuzisha sisi wenyewe. Wewe ulale, Mwalimu." Waliondoka alfajiri bila mtu mzima. Octave alimuuliza Sidonie mara tatu, "Wamefika?" Alikata roho saa nne asubuhi.

Jioni watoto walirudi wakiimba, wakaukuta uwanja umejaa watu. Louise alilia, halafu akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wa shule, aliyekuwa amekuja matangani, akamkabidhi makopo manne. Mkubwa alizihesabu pesa mara mbili, akilinganisha na magunia waliyobeba. Haikupungua hata faranga. Alisimama akatuambia sote kwamba makundi hayafungwi. Nilifurahi, jamani, nilifurahi katikati ya msiba na sioni haya kusema.

Marehemu ameacha mjane wake Sidonie, watoto wao Pascaline na Roger, mama yetu Cécilia, mimi mdogo wake, na wanafunzi ishirini ambao kesho wanakutana kutenga mbegu.

Wamefika, kaka. Mungu akupumzishe kwa amani.